Fundi wa Maneno Marefu

Kwanza tuwekane sawa: Marcelline Nabintu hakuiba jina la mtu. Aliazimwa. Miongoni mwa wanawake wa Bukavu wanaoishi Johannesburg, jina lenye karatasi huazimwa kama sufuria kubwa ya harusi: unaomba, unapewa, unalitumia kwa adabu, na siku ya kulirudisha unalirudisha safi. Asiyeyajua maisha hayo atasema ni udanganyifu. Na aende akasimame yeye kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi tangu alfajiri, afukuzwe saa nne kwa kuwa leo si zamu ya Wakongo, arudi wiki ijayo aambiwe faili halionekani, halafu ndipo aje kutuhubiria ukweli.

Karatasi ya ukimbizi ya Marcelline ilikufa mwaka 2014. Tarehe ya kuihuisha ilimkuta hospitali, amefungwa bandeji baada ya kutolewa uvimbe tumboni, na alipopata nguvu za kusimama foleni aliambiwa amechelewa, faili limefungwa. Tangu siku hiyo akawa mtu asiyekuwepo. Alipanga chumba cha uani mtaa wa Observatory, akashona sare za kwaya na kupunguza suruali za watu, na kila alipoona gari la polisi alivuka upande wa pili wa barabara. Hayo yote angeyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni kwamba binti yake Clémentine alikuwa amebaki Bukavu kwa bibi yake tangu akiwa na miaka sita, na bila karatasi hapakuwa na njia ya kumleta. Mwanasheria aliyewasaidia watu kanisani alimweleza bila kuzunguka: faili linaweza kufufuliwa ikiwa ataleta barua ya mwajiri anayejulikana, yenye jina lake mwenyewe, inayosema kwamba ana ujuzi usiopatikana kirahisi. Na iwe kabla Clémentine hajatimiza miaka kumi na minane, kwa sababu baada ya hapo serikali haitamhesabu tena kuwa mtoto wa mtu.

Ujuzi alikuwa nao, tena wa ajabu. Marcelline alijua Kiholanzi.

Utotoni aliingizwa kwenye karakana ya ushonaji ya masista wa Kibelgiji, wale Waflemi, ambao Kifaransa walikiweka kwa ajili ya wakubwa wa serikali, lakini wao kwa wao, hasa wakikasirika, walizungumza Kiholanzi chao. Sista Godelieve, mkuu wa karakana, hakuwa na subira ya kutafsiri. Alitaja kitu, nawe ukakilete. Ukileta kingine, rula ilijua pa kutua. Kwa miaka kumi na mmoja Marcelline aliisikia lugha ile juu ya mlio wa vyerehani mpaka ikamwingia bila kuombwa.

Kilichomtesa ni mkazo. Sisi Waswahili jambo hilo halitunyimi usingizi: neno liwe fupi, liwe refu, uzito tunautua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na safari inaendelea. Kiholanzi hakina huruma hiyo. Cherehani wanaiita naaimachine, neno la silabi nne lililoungwa kutoka maneno mawili, la kushona na la mashine, na uzito wote unaanguka mwanzoni kabisa, kwenye naai. Marcelline aliuweka karibu na mwisho, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, na masista wakacheka mpaka wakafuta machozi. Ndipo Sista Godelieve akamfundisha kwa njia ya fundi. Neno refu, alimwambia, ni nguo iliyoungwa. Usianze kukata ovyo. Tafuta kwanza mshono, pale vipande viwili vilipokutana, ufumue hapo. Ndipo ukate kila kipande silabi kwa silabi. Chukua avondeten, chakula cha jioni. Mwenye pupa atakata a-von-de-ten na kitambaa kimeharibika. Fundi anafumua kati ya jioni na kula, anapata a-vond, kisha e-ten. Na uzito, mara nyingi, utaukuta kwenye kipande cha kwanza. Mara nyingi, si mara zote: stadhuis, jengo la halmashauri ya mji, uzito wake uko mwishoni, na hakuna sista aliyewahi kueleza kwa nini. Hayo unayakariri na kunyamaza.

Nani angedhani kwamba elimu hiyo ingekuja kutafutwa Johannesburg? Habari ililetwa na Jocelyne, mwaka 2016. Jocelyne alikuwa mwenzake wa kanisa, na kule Bukavu walikulia mtaa mmoja. Aliuza vitenge nyumba kwa nyumba, leo Newtown, kesho Midrand, miguu yake haikutulia. Yeye alikuwa na kitambulisho halali cha mkimbizi, na mume wake Gustave pamoja na watoto wao wanne waliandikwa chini ya jina lake, kwenye faili lake. Siku hiyo alimkuta Marcelline anapinda joho la kwaya, akakaa juu ya kitanda bila kukaribishwa.

"Dada, huko Midrand iko ofisi moja inatafuta batu ba Kiholanzi. Wanatafuta mpaka wamechoka."

"Na mimi niende na karatasi gani? Ya kufungia mandazi?"

"Enda na yangu," Jocelyne alisema. "Mimi nauza bitenge, nani ataniuliza kitambulisho kwa barabara? Ile jina inalala tu ndani ya mukoba. Ikutumikie wewe."

"Na Papa Gustave?"

"Ule ni shemasi. Akijua, atataka tufunge na kuomba siku tatu mbele ya kujibu. Tumuache na Mungu wake."

Wakacheka, na jina likabadilisha mikono. Hakukuwa na shahidi. Jocelyne hakutaka kitu chochote, isipokuwa mashono ya nguo za watoto wakati wa Noeli, na hayo Marcelline angemfanyia hata bila jina.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili kwenye jengo la vioo. Kazi yao ilikuwa kutengeneza orodha ya maneno kwa ajili ya mashine ya kuwasomea vipofu huko Uholanzi. Mashine ile ilikuwa na sauti nzuri na akili ya kuku: usipoionyesha neno linakatwa wapi na uzito unawekwa wapi, ilisoma vituko. Wenye mali walikuwa Waholanzi, nao walipiga hesabu zao wakaona kwamba lugha ya Makaburu ni mtoto wa Kiholanzi, hivyo kijana yeyote wa Kikaburu wa Midrand ataifanya kazi hiyo akiwa anatafuna biltong, ile nyama yao kavu. Mtoto na mzazi wanaweza kufanana na bado wasielewane. Vijana walikata maneno kwa mazoea ya nyumbani kwao, na mengine hawakuwahi kuyasikia tangu wazaliwe.

Msimamizi aliitwa Deon, mwanamume mpole mwenye shingo nyekundu. Aliitazama nakala ya kitambulisho, nyeusi kama masizi ya sufuria, akamtazama Marcelline, akaitazama tena nakala. Halafu akampa maneno hamsini ya kujaribu. Aliporudishiwa, hakutazama picha tena. Alimpa kompyuta karibu na dirisha na kadi ya mlangoni yenye jina la Jocelyne.

Kila Alhamisi alipigiwa simu kutoka Utrecht na Annelies, mama wa makamo aliyesimamia orodha nzima. Deon alikuwa na macho ya kuona maandishi, lakini Annelies alikuwa na masikio. Alimtaka Marcelline ayatamke maneno magumu moja moja, naye akasikiliza upande wa pili kimya, kama daktari anayesikiliza kifua. Mara ya kwanza alicheka. "Unaongea kama jirani wa bibi yangu," alimwambia. Baada ya miezi michache simu hizo zikawa na mambo mengine: mvua ya huko, mguu wa mama yake Annelies, bei ya kabichi. Hawakuwahi kuonana hata kwa picha. Mtandao wa ofisi ulikuwa haubebi picha, ulibeba sauti kwa taabu. "Mimi sauti yako nitaitambua hata gizani," Annelies alisema siku moja, na Marcelline alirudi nyumbani amevimba kwa furaha, akashona mpaka saa nane za usiku bila kuona kiu.

Maneno mengine yalimkaba. Siku moja orodha ilimletea verblijfsvergunning, yaani kibali cha kuishi nchini. Alifumua mshono, akakata silabi tano, akaweka uzito kwenye ya pili, ya kukaa, ya kubaki. Alikaa akilitazama lile neno kwenye kioo. Alikuwa amelikata vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile, yeye ambaye hakuwa nacho. Jingine lilikuwa na silabi kumi nzima, arbeidsongeschiktheidsverzekering, bima ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Vijana walilikimbia kama deni. "Mpeni Jocelyne," Deon alisema, na Marcelline akalimaliza kabla chai haijapoa. Walimpigia makofi. Waliita jina la Jocelyne, na yeye akatabasamu kwa niaba yake.

Nyumbani aliwaambia watu kwamba anasafisha maofisi. Uongo huo ulimfaa. Hakuna anayemuuliza msafishaji ameshinda vipi na kazi. Lakini ulimuuma, nami sioni sababu ya kuuficha uchungu huo. Mwanamke aliyekuwa na ujuzi ambao mji mzima ulitafuta ukakosa, alilazimika kujisingizia fagio ili apate amani kanisani.

Mwanzoni mwa 2018 Annelies alimwambia kwamba maneno yamefika elfu thelathini na nane na orodha inafungwa. Atakuja Midrand mwenyewe mwezi wa tano, Jumatano ya wiki ya tatu, kuwakabidhi watu barua zao. "Yako nitaiandika mimi kwa mkono wangu," alisema. "Niambie tu unataka iseme nini."

Marcelline alimtajia yale maneno ya mwanasheria, kisha akaenda moja kwa moja kwa Jocelyne. Walikaa jikoni, wakapanga kila kitu. Jumatano hiyo wataenda wawili. Jocelyne atatoa kitambulisho chake halisi, aseme mbele ya Annelies na Deon: jina ni langu, kazi ni ya huyu, nilimpa kwa hiari yangu. Marcelline atatoa cheti chake cha karakana chenye sahihi ya Sista Godelieve. Barua iandikwe upya kwa jina la Marcelline Nabintu. Bila ushahidi wa Jocelyne yote hayo yangekuwa maneno ya mwizi aliyeshikwa. Pamoja naye yalikuwa na nafasi.

"Na kama watakasirika, wakupeleke polisi?" Marcelline aliuliza.

"Ule mama wa masikio hatakasirika. Kazi yake si uliifanya muzuri?" Jocelyne alimpiga begani. "Clémentine atakuja, dada. Mimi mwenyewe nitamufunga kitenge siku atashuka kwa ndege."

Jumamosi kabla ya Jumatano hiyo, Jocelyne alianguka sokoni akiwa na mzigo wa vitenge kichwani. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka.

Sitasema mengi juu ya siku mbili zilizofuata. Viti vilitolewa sebuleni, mikeka ikatandikwa, wanawake wa kanisa wakakaa ukutani na kuimba. Marcelline alilia kama ndugu wa damu. Alimlilia rafiki yake kwa dhati. Kisha, katikati ya kilio, akakumbuka Jumatano, akajiona mchawi kwa kuikumbuka.

Jumatatu saa tano asubuhi Gustave alitoka chumbani ameshika bahasha. Alikuwa akitafuta karatasi za kuandikisha kifo, akafungua droo ya mkewe, akakuta barua za kodi kutoka Midrand. Jocelyne alikuwa akimwekea Marcelline barua hizo zilipofika kwa posta. Gustave alimwita Marcelline kwenye korido, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu zaidi na marehemu.

"Mama Clémentine, uliona hii? Miaka mbili! Mwanamuke wangu alikuwa anafanya kazi ya ofisi, na mimi najua anauza bitenge."

Marcelline aliinyooshea bahasha mkono. "Papa Gustave, ngoja. Ile karatasi..."

"Nimeshapiga simu," alisema. "Nimeambia mukubwa wao kama amekufa. Ule mwanaume alilia, mama. Muzungu mzima analia kwa simu. Alisema hawajawahi kupata mutu kama yeye, kama alikuwa anajua Kiholanzi kuwapita wenyewe. Wewe ulijua?" Hakungoja jibu. Aliibana bahasha kifuani. "Tangu Jumamosi sina kitu ya kushika. Leo nimepata. Batoto wangu wanajua mama yao alikuwa nani."

Angeweza kusema pale pale. Alifungua kinywa. Lakini Gustave alikuwa ameshahamia kwenye jambo jingine, lile lililomnyima usingizi zaidi: kesho yake alitakiwa kupeleka cheti cha kifo ofisi ya wakimbizi, ili faili lihamishwe kutoka kwa marehemu kuja kwake. Yeye na watoto wanne walikuwa humo. Afisa alikuwa amemwonya kwamba likionekana doa lolote kwenye faili la mama, majina yote matano yatarudishwa mwanzo, na uchunguzi wa aina hiyo huchukua miaka mitatu, minne. "Mungu asifiwe," Gustave alisema, "Jocelyne hakuachaka doa."

Marcelline akarudi mkekani.

Usiku na mchana wa Jumanne alipiga hesabu, na kila alivyozipanga zilitoka vilevile. Upande mmoja Clémentine, aliyekuwa na miaka kumi na sita na kitu. Upande wa pili watoto wanne aliowashonea nguo za Noeli. Alimkasirikia Jocelyne kwa kufa wiki hiyo. Alimkasirikia Gustave kwa uaminifu wake wa kushemasi, wa kupiga simu kabla ya kuuliza. Alijikasirikia yeye zaidi, kwa miaka miwili ya kutabasamu jina la mtu lilipoitwa. Tangu mwanzo angemwambia Annelies, katika mojawapo ya zile Alhamisi, kati ya mguu wa mama yake na bei ya kabichi. Aliogopa kuharibu. Sasa hapakuwa na cha kuharibu.

Jumatano saa tisa alasiri gari lilisimama nje. Badala ya kuwapa watu barua ofisini na kuondoka, Annelies alikuwa amesema lazima aje kuipa pole familia ya Jocelyne. Alishuka na Deon, mama mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa kiume, ameshika kitu bapa kilichofungwa karatasi. Mwanamke mmoja alikimbilia jikoni kusema Wazungu wamefika, chai itoke haraka. Jikoni alikuwepo Marcelline peke yake, ameshika birika.

Alifikiria kutoka kwa mlango wa nyuma. Lakini mtu anaenda wapi, na matanga ni ya rafiki yake? Alivuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi, akapanga vikombe kwenye sinia, akaingia sebuleni.

Wageni walikuwa wamesimama mbele ya picha kubwa ya Jocelyne iliyowekwa juu ya meza na mshumaa: Jocelyne wa siku ya harusi, mwembamba, mwenye mwanya. Deon aliitazama picha ile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Shingo yake ilizidi wekundu. Akageuza kichwa polepole, kama mtu anayetafuta saa ukutani, na macho yake yakakutana na ya Marcelline juu ya sinia.

Alimjua. Hapakuwa na shaka. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona kila siku ya kazi, karibu na dirisha, akitafuta mishono ya maneno. Midomo yake ilifunguka. Marcelline alimtazama bila kupepesa, na ndani ya kifua chake kitu kilianza kusema: sema wewe, Deon, sema wewe, mimi siwezi. Lakini Deon naye alikuwa na hesabu zake. Yeye ndiye aliyeipokea ile nakala nyeusi. Yeye ndiye aliyeacha kutazama picha. Aliinamisha macho akaviangalia viatu vyake, kisha akamgeukia Gustave, akasema kwa Kiingereza, taratibu, ili kila mtu asikie:

"Ndiyo. Ndiye huyu. Tabasamu hili hatutalisahau."

Héritière, binti mkubwa wa marehemu, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyezaliwa hapahapa na kukisikia Kiswahili zaidi ya kukisema, aliwatafsiria wazee. Sebule nzima ikaguna kwa kuridhika. Gustave alijifuta macho kwa kiganja.

Annelies alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilicholetwa kwa ajili ya wageni. Marcelline alimfikia na sinia. Annelies alichukua kikombe, na kwa kuwa alikuwa amechoka na safari na moyo wake hauko hapo, ulimi wake ulikwenda nyumbani. Alimshukuru kwa Kiholanzi. Kisha, akiitazama ile picha na si mtu yeyote, aliongeza kwa lugha hiyohiyo, chini chini: "Sikuwahi hata kuuona uso wake. Nilikuwa na sauti yake tu."

Marcelline alisimama na sinia mkononi. Neno moja lingetosha. Hata salamu tu, hata karibu, kwa lafudhi ile ya masista, na mama huyu angeruka kutoka kwenye kiti. Nusu hatua kutoka kwake lilikuwepo sikio pekee duniani lililomjua. Jibu lilikuwa tayari limekaa kooni, limekatwa vizuri, kila uzito mahali pake.

Mbele yake, mkekani, watoto wanne wa Jocelyne walikuwa wamekaa kwa mpangilio wa urefu, wamevaa nguo nyeusi alizozishona yeye Jumapili.

Alitikisa kichwa kidogo, kama watu wasioelewa wanavyotikisa.

Annelies aliona haya kwa kusema lugha isiyoeleweka. Akauliza kwa Kiingereza, akimtazama Héritière, huyu mama ni nani wa familia.

"Oh, huyo ni Tantine, rafiki ya mama," Héritière alijibu. "Husafisha maofisi. Kiingereza chake ni kidogo tu."

Annelies alitabasamu kwa huruma, akaugusa mkono wa Marcelline, akautazama tena mshumaa.

Walikaa nusu saa. Kile kitu bapa kilifunguliwa: kilikuwa barua, imewekwa ndani ya fremu na kioo. Gustave aliipokea kwa mikono miwili. Deon alikuwa wa kwanza kusimama, na alipoagana na watu alimpita Marcelline kwa mbali, akitokea upande wa pili wa mikeka.

Gari lilipoondoka, msumari ulipigwa ukutani na fremu ikatundikwa. Wanawake waliinuka mmoja mmoja kwenda kuitazama, hata wasiojua kusoma. Marcelline alibaki akikusanya vikombe. Alipofika chini ya ile fremu alisimama, na Héritière akaja kusimama karibu naye, macho yamevimba, lakini uso wake, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, una mwanga.

"Tantine, you can't read it, né? Ni ya Kiingereza. Mimi nitakusomea."

Akamsomea, sentensi moja moja, akitafsiri kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. Kwamba kwa yeyote inayemhusu, mwenye jina hili amefanya kazi nasi miaka miwili. Kwamba ameyakata na kuyawekea uzito maneno elfu thelathini na nane. Kwamba ujuzi wake hatukuupata kwa mtu mwingine yeyote, wala katika nchi hii wala katika yetu, na kwamba nchi yoyote itakayompa mahali pa kukaa haitajuta. Ilikuwa barua ileile ambayo mwanasheria aliitaka, haikupungukiwa na kitu ila jina. Hata tarehe ilikuwepo, na muhuri.

Marcelline aliisikiliza mpaka mwisho, sinia la vikombe vichafu limebanwa kiunoni.

"Aksanti, mwanangu," alisema. "Mama yako alifanya kazi."